Taa kwa Waliokaa Nyuma



Juma hili tunaomba mtuvumilie, maana tunataka kuzungumza habari ya taa. Wala si taa ya altareni, ambayo ina nafasi yake na mafundisho yake, bali taa ndogo iliyofungwa ndani ya gari la parokia, kule nyuma mnakopanda ninyi pamoja na magunia yenu ya viazi. Wengi mmekwisha kuiona. Baadhi yenu mmeuliza iligharimu kiasi gani, na mzee mmoja wa Halmashauri ya Walei ameuliza, kwa haki kabisa, kwa nini tumenunua taa ya gari ilhali paa la kigango bado linavuja. Tuliahidi kumjibu. Jibu letu ni refu kuliko alivyotarajia, na sehemu yake moja si rahisi kwetu kuisema.

Gari lenyewe mnalijua kwa mlio wake kabla hamjaliona. Ni Toyota Land Cruiser ya mwaka 1996, ya dizeli, injini ya lita 4.2 yenye silinda sita ambayo mafundi huiita kwa herufi zake tu, 1HZ, kama mtu anavyotajwa kwa jina la ukoo. Haina mbwembwe. Nyuma ina mabenchi mawili yanayotazamana, na milango miwili ya kufunguka pembeni, mmoja mpana na mmoja mwembamba. Lilitufikia likiwa limeshatumikia wengine kwa miaka mingi, na kitambaa cha darini mwake kilikuwa kimeoza. Kama huko nyuma paliwahi kuwa na taa, fundi wa zamani aliing'oa pamoja na kitambaa hicho. Ilibaki taa moja tu ya ndani, ile iliyo juu ya vichwa vya wanaokaa mbele.

Kwa miaka mingi hatukuona kasoro yoyote katika hali hiyo. Tulizijali taa zinazotazama mbele. Balbu ya mbele ilipoungua tulihakikisha imebadilishwa kabla jua halijazama, kwa kuwa mtu anayeshuka kutoka Lushoto kwenda Soni usiku akiwa na taa moja anajitafutia kaburi. Barabara ile ya kilomita zipatazo 33 hadi Mombo inateremka karibu mita 1,000, mkono mmoja mwamba na mkono wa pili bonde, na malori ya kabichi na karoti huianza safari ya Dar es Salaam usiku ili yafike sokoni alfajiri. Taa nyekundu za nyuma nazo tulizijali, kwa ajili ya askari wa usalama barabarani. Lakini mle ndani, mlimokaa ninyi? Mlipanda kwa kupapasa, mkashuka kwa kupapasa, na aliyepoteza kiatu alikitafuta asubuhi.

Sasa tuseme lile lisilo rahisi.

Ilikuwa Julai ya mwaka 2023, katika majuma yale ambayo baridi ya milima yetu hupenya hata mablanketi mawili. Yapata saa saba usiku simu ililia. Alikuwa katekista wa kigango kimojawapo cha mbali, ng'ambo ya Lukozi. Mzee mmoja, muumini wetu wa siku nyingi, alikuwa akipumua kwa shida tangu jioni, na hapakuwa na gari kijijini. Pikipiki zilikuwapo, lakini mgonjwa asiyeweza kukaa wima hapakiwi kwenye pikipiki. Tukamwamsha dereva. Tulipofika tulimpa mzee Mpako wa Wagonjwa akiwa kitandani pake, akaitikia sala kwa midomo. Kisha vijana wakamlaza juu ya godoro, sakafuni mwa gari, kati ya yale mabenchi mawili. Binti yake alikaa karibu na kichwa, mpwa wake miguuni, na jirani mmoja akashika mlango, kwa sababu kitasa chake siku zile hakikuwa cha kuaminika. Sisi tulikaa mbele.

Mpwa alikuwa na simu yenye tochi. Aliiwasha kwa muda, kisha akaizima ili abakize chaji ya kuwapigia ndugu walioko Tanga. Alipotaka kuiwasha tena, tukiwa tunaukaribia msitu wa Magamba, ilikuwa imekufa. Simu zetu za mbele zilikuwa na chaji. Hakuna aliyetuomba, wala sisi hatukuuliza.

Wanaoijua njia ya Magamba usiku wa Julai wanajua ukungu wa pale. Hauanguki, unasimama barabarani kama ukuta wa pamba, na taa za gari zinaugonga na kurudi machoni pa dereva. Tulikwenda mwendo wa mtu anayetembea. Na kwa kuwa dereva alikuwa akisinzia, tulizungumza naye ili asilale. Tulizungumza juu ya bei ya saruji. Tunakumbuka hesabu tuliyokuwa tukiipiga, mifuko mingapi ingetosha sakafu ya nyumba ya katekista. Mara moja tulisikia binti akisema jambo kwa Kisambaa, kwa sauti ya chini, na tukadhani baba yake amelala na anambembeleza.

Langoni pa hospitali palikuwa na taa. Tulifungua milango ya nyuma, na mwanga ukamwangukia mzee usoni, nasi tukajua kabla muuguzi hajamgusa shingo. Muuguzi alimshika mikono, akasema kwa upole kwamba imeshapoa. Maana yake hakufa pale langoni, wala dakika tano kabla. Alikuwa amekwisha kututoka njiani, na kati ya watu watano tuliokuwa ndani ya gari lile hakuna aliyeona.

Binti hakulia pale pale. Alitugeukia, akauliza, "Padre, baba alikata roho wapi?"

Hatukuwa na jibu. Akaeleza kwa nini anauliza. Pale Magamba alimwambia baba yake kwamba hospitali imekaribia, akamwomba msamaha kwa jambo fulani la zamani kati yao wawili, na alihisi mkono wa baba ukimbana. Lakini gari lilikuwa likirukaruka mashimoni. Sasa hakujua kama ni mkono uliombana au ni gari lililomtikisa. Alitaka mtu amwambie kama wakati ule baba yake alikuwa hai.

Wapendwa, tumesimama mbele ya maswali mengi katika utume wetu, na mengi tumeyapatia jibu la kusomea. Hili hatukulipatia jibu la aina yoyote. Mtu angeweza kusema kwamba hata tungemwona akikata roho tusingemwokoa, na huenda ni kweli. Sisi si madaktari. Lakini binti yule hakutuuliza kwa nini hatukumwokoa baba yake. Aliuliza kwa nini hatukumwona.

Baada ya mazishi tuliliendea lile gari mchana, tukakaa kwenye benchi la nyuma, tukafunga milango. Hatujui wangapi kati ya mapadre wanaosoma ukurasa huu wamewahi kukaa nyuma ya gari la parokia zao. Hata mchana, kwa vioo vile vilivyofifia na godoro sakafuni, ni mahali pa giza.

Tulipomweleza dereva kwamba tunataka taa huko nyuma, alikataa. Tunaeleza sababu zake kwa kirefu kwa kuwa alikuwa na haki. Alisema: "Padre, ukiwasha taa ndani ya gari usiku, kioo cha mbele kinageuka kuwa kioo cha kujitazamia. Nitawaona ninyi nyuma na sitaiona barabara." Ndivyo ilivyo. Jicho hupanuka gizani lipate kuona kidogo kilichopo. Mwanga ukiwa karibu nalo hujikunja, na huchukua dakika nyingi kurudia uwezo wake. Isitoshe, kioo kilicholala mbele ya dereva hurudisha sura ya kila kinachong'aa nyuma yake. Katika ukungu wa Magamba au kwenye kona za Soni, taa ya kumsaidia mmoja ingeweza kutuua sote. Tukakaa kimya. Kumbe giza lile la nyuma halikuwa uzembe mtupu. Lilikuwa bei ambayo wa nyuma waliilipa ili wa mbele waone njia. Kasoro ni kwamba hatukuwahi kuwaambia kuwa wanailipa.

Kijana mmoja wa parokia, aliyewahi kufanya kazi melini, akapendekeza taa nyekundu. Alisema kwamba mabaharia hutumia mwanga mwekundu usiku kwa sababu hauliharibu jicho lililozoea giza. Wazo zuri, tukalifurahia kwa siku mbili. Kisha tukamshirikisha mama mmoja wa jumuiya yetu ndogondogo, muuguzi mkunga mstaafu, aliyezalisha pengine nusu ya wanakwaya wetu. Akacheka. "Baba, chini ya taa nyekundu damu haionekani kwenye shuka. Mama atamwagika mbele ya macho yenu, ninyi mkadhani shuka ni safi." Akatufundisha mambo ambayo hakuna seminari iliyotufundisha. Mgonjwa hutazamwa midomo, kucha, na ndani ya kope ya chini. Midomo ikiwa ya buluu, hewa haimtoshi. Ndani ya kope pakiwa peupe, damu imempungukia. Weupe wa jicho ukiwa wa manjano, ni ini au damu inayoharibika, na mwanga wa manjano wa balbu za zamani huuficha umanjano huo kabisa. Kwa hiyo, alisema, taa iwe nyeupe, na asiyejua kuitazama midomo ya mgonjwa asikae karibu na kichwa chake.

Tulikuwa basi na watu wawili wenye haki, na haki zao zikigombana ndani ya gari moja. Tuliwakutanisha barazani kwa chai. Sisi hatukuchangia kitu isipokuwa sukari. Walikubaliana hivi: taa iwe nyeupe, lakini isiwekwe darini katikati, iwekwe chini ya ukingo wa dirisha la kushoto, nyuma kabisa, na kifuniko chake kielekeze mwanga sakafuni. Kati ya viti vya mbele na mabenchi litundikwe pazia zito, jeusi. Na swichi ziwe mbili: moja mlangoni, ya kuwaka yenyewe mlango mpana ufunguliwapo, na nyingine ndani, karibu na mkono wa anayemshika mgonjwa. Dereva akihitaji giza katika kona mbaya atasema kwa sauti, na wa nyuma watazima. Mama mkunga alisisitiza hili la mwisho. Wa nyuma wazime wenyewe, wasizimiwe.

Kufunga taa katika gari la zamani si kazi kubwa, lakini tuliikosea mara mbili, na tunasimulia ili mwenye gari kama letu asirudie.

Kosa la kwanza lilikuwa haraka. Tulimpa kazi fundi wa kupita, si wa hapa mjini, na sisi wenyewe tukamhimiza amalize kabla ya mazishi ya Alhamisi. Akachukua waya wenye moto kutoka penye kile kiberiti cha dashibodi, akaupitisha kwenye tundu la bati kuelekea nyuma, bila mpira wa kuuzuia usiguse kingo za bati, na bila fyuzi yake wenyewe. Ulifanya kazi kwa majuma mawili. Jioni moja, tukipanda kutoka Mombo na tumeshapita Soni, tukasikia harufu ya plastiki inayoungua. Tukasimama, dereva akachomoa nyaya za betri kwa mikono mitupu. Bati lilikuwa limeutafuna waya kidogo kidogo kila gari lilipotikisika, mpaka shaba ikagusa bodi. Bodi ya gari ndiyo njia ya umeme kurudi kwenye betri. Shaba yenye moto ikiigusa, umeme wote unakimbilia pale bila kizuizi, na waya unageuka mkaa. Siku ile hatukuwa na mgonjwa, tulikuwa na mishumaa tu. Deni la haraka ile ni letu kuliko la fundi.

Kosa la pili lilitokea baada ya waya kubadilishwa. Tulirudi kutoka mazikoni siku ya Alhamisi jioni, mlango mpana haukufungika sawasawa, na ile taa, kwa kuwa ilitii mlango, ikabaki inawaka. Hakuna aliyeiona, kwa kuwa pazia lilikuwa limefungwa. Jumapili asubuhi gari halikuwaka. Hesabu yake ni nyepesi: balbu ya wati 10 katika gari la volti 12 hunywa kama ampea-saa 0.8 kila saa inayopita. Kwa saa sitini hiyo ni kama ampea-saa 50, na betri yetu, ilipokuwa mpya, ilikuwa ya 70. Injini ya dizeli asubuhi ya baridi haisamehe betri iliyonyonywa hivyo. Wanakwaya waliovaa sare walilisukuma gari hadi kwenye mteremko, na misa ya kigango ilianza saa moja baadaye. Mlituvumilia.

Fundi umeme tuliyempata baadaye alikuwa mzee mtaratibu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Aling'oa kila kitu. Alianza na waya mpya mwekundu moja kwa moja kutoka betri, na kabla waya haujafika urefu wa mkono akaufunga fyuzi ya ampea 5. Tuliuliza kwa nini fyuzi isikae nyuma karibu na taa. Akasema fyuzi hailindi taa, inalinda waya. Waya uliotangulia fyuzi hauna mlinzi. Sentensi hiyo tumeikumbuka kuliko mahubiri mengi, yakiwemo ya kwetu. Kila waya ulipopita kwenye bati aliweka mpira, na sehemu nyingine aliufunika kwa bomba laini la plastiki. Balbu akaiondoa, akaweka taa ya LED ya wati 3, inayokula chini ya theluthi ya ile ya kwanza na kutoa mwanga usiopungua. Mlangoni aliweka kile kitufe kinachobonyezwa na mlango wenyewe. Kwenye dashibodi, mbele ya macho ya dereva, akaongeza kitaa kimoja cha kijani, kidogo kama punje ya mtama, kinachowaka kila ile ya nyuma inapowaka. Hakuna aliyemwagiza. Alisema gari hili hubeba watu, basi wa mbele lazima ajue kinachoendelea nyuma.

Gharama yote, pamoja na pazia lililoshonwa na mama mmoja wa WAWATA bila malipo, ilikuwa shilingi 48,000. Mzee wetu wa Halmashauri sasa anayo hesabu. Bati zilizotakiwa kigangoni zingegharimu mara nyingi zaidi ya hapo, wala fedha hii isingeziba hata tundu la juu ya meza ya wanakwaya. Lakini hatutaki kujificha nyuma ya hesabu. Hata kama ingekuwa fedha ya paa, tungeifunga kwanza taa.

Yapo pia mambo madogo ya kuchekesha. Usiku wa kwanza tulipoiwasha tuliona tulichokuwa tukisafiri nacho: kiatu kimoja cha mtoto, rozari mbili, kifuniko cha dumu, karoti iliyochipua, na kiota cha panya chini ya benchi la kulia, kimejengwa kwa karatasi za nyimbo za Kwaresima. Mwenye kiatu hajajitokeza.

Tunasema haya pia kwa ajili ya wasomaji wa mbali wenye magari yao wenyewe. Tangu mwaka 2022 mpango wa m-mama umesambazwa mikoani, na mama mjamzito au mtoto mchanga aliyepatwa na dharura huombewa usafiri kwa kupiga namba 115 bila malipo. Gari la wagonjwa lisipopatikana, huitwa dereva wa kawaida wa jamii aliyesajiliwa, na gari lake hufanya kazi hiyo. Ni jambo jema. Maana yake pia ni kwamba magari mengi ambayo hayakuundwa kubeba wagonjwa yanawabeba usiku huu huu, na waliotengeneza taa za magari hayo walifikiria mtu anayetafuta funguo zake. Anayetaka kujua gari lake likoje, akalale nyuma yake usiku, milango imefungwa, aombe mtu amtazame midomo.

Hatudai kwamba tangu wakati ule tumeokoa watu. Tumebeba wagonjwa kadhaa. Mama mmoja kijana, akiwa na uchungu, alituomba tuizime taa kwa sababu hakutaka mkwewe aone uso wake, nasi tukafurahi kwamba swichi ilikuwa mkononi mwake. Akaizima, akaiwasha alipotaka.

Mwezi Machi, mwanzoni mwa masika, tulikuwa tukirudi kutoka kigango kile kile cha ng'ambo ya Lukozi. Njiani alitusimamisha mwanamke mwenye kiroba cha viazi na kuku mmoja. Hatukumtambua mpaka alipoufungua mlango mpana na taa ikawaka usoni pake. Alikuwa yule binti. Alisimama mvua ikimnyeshea, mguu mmoja ndani ya gari, akiitazama taa. Dereva alitaka kumhimiza apande. Tukamgusa mkono asiseme.

Alipanda, akaweka viazi chini ya benchi, akakaa pale pale alipokaa usiku ule. Kuku akamweka miguuni. Tuliufunga mlango, taa ikazimika. Muda si mrefu, katikati ya Magamba, kile kitaa cha kijani kwenye dashibodi kikawaka. Alikuwa ameipata swichi bila kuelekezwa. Hatukugeuka. Dereva alipunguza mwendo mwenyewe, na hakusema neno juu ya kioo. Mwanga mwembamba ulipenya chini ya pazia hadi kwenye viatu vyetu. Tulimsikia akisema, "Tate," mara moja tu, kisha kimya kirefu, na mvua juu ya bati.

Baada ya kona ya tatu au ya nne kitaa kilizimika. Akasogeza pazia kidogo, akauliza kama taa inamaliza betri. Tukamwambia haimalizi, inakula kidogo sana. Akasema, "Hongea," ambalo kwa lugha ya kwao ni asante, akalifunga pazia. Mjini alishuka na kuku wake, akasahau viazi, na mpaka leo viko ofisini kwa katibu wa parokia. Anayemjua amwambie avifuate kabla havijachipua.